Karakana ya nyumbani Tanga: tofali, chuma na bati, mbao au kontena?

Wengi wanaotaka karakana uani huanza kwa kuuliza ukuta upi ni rahisi. Kwa Tanga hilo ni swali la tatu. La kwanza ni kazi gani itafanyika humo ndani, kwa sababu anayeranda mbao, anayechomelea mageti na anayefungua injini hawahitaji jengo la namna moja. La pili ni umbali wako na bahari. Kiwanja cha Raskazone au Sahare kinapigwa na upepo wa chumvi mchana kutwa. Cha Kange au Pongwe kinapata kidogo tu. Bati lile lile na skrubu zile zile zitadumu miaka tofauti kabisa katika sehemu hizo mbili, na bei ya dukani haikwambii hilo.

Tunalinganisha aina nne ambazo mafundi wa Tanga wanazijenga bila kuagiza kitu kigeni: tofali za saruji zenye paa la bati, fremu ya chuma iliyovikwa bati, mbao, na kontena. Ya tano ni mchanganyiko wa mbili za kwanza, na hiyo ndiyo tunayoipendekeza kwa watu wengi, kwa hiyo tumeiweka mwisho na kuieleza kwa kirefu. Hesabu zote ni za karakana ya mita 4 kwa 6, kuta za mita 3 kwenda juu. Gari dogo lina upana wa mita 1.7 hivi na urefu wa mita 4 hadi 4.5, kwa hiyo humo linaingia, milango yake inafunguka, na mbele panabaki nafasi ya benchi. Mwenye Hiace aongeze urefu wa jengo na asikubali mlango wa chini ya mita 2.4 kwenda juu.

Sakafu kwanza

Sakafu ni ile ile kwa aina zote isipokuwa kontena, na ikikosewa hairekebishiki kirahisi. Jamvi, yaani tabaka la zege la sakafu, la sm 10 linatosha benchi, jiliwa, mashine za useremala na pikipiki. Kama gari litaingia, na hasa kama unawaza siku moja kufunga lifti ya nguzo mbili, mwaga sm 15. Kwa mita 4 kwa 6, sm 10 ni zege mita za ujazo 2.4, na kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) linakula kama mifuko 16 ya kilo 50. Sm 15 ni mita za ujazo 3.6, mifuko 23. Tofauti ni mifuko saba. Ukiikwepa leo, kuja kuongeza unene baadaye maana yake ni kuvunja.

Chini ya jamvi shindilia kifusi tabaka kwa tabaka, kila moja sm 15, limwagiwe maji kidogo lishikane. Nyunyizia dawa ya mchwa juu ya kifusi, tandika nailoni nzito, ndipo umwage zege. Ukiruka nailoni unyevu wa ardhini unapanda, na hewa ya Tanga tayari imejaa maji: meza ya msumeno itakuwa na madoa ya kutu hata kama umeipaka mafuta. Ukiruka dawa, nafasi hiyo imekwisha. Mchwa hawali zege, lakini wanapita kwenye ufa mwembamba kama karatasi, wanapanda na ukuta hadi kwenye kenchi. Sakafu iwe juu ya ardhi ya nje kwa sm 15 angalau, na iteremke sm 1 kila mita kuelekea mlangoni.

Kuhusu shimo la kuingilia chini ya gari, ushauri wetu ni usilichimbe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka na kutuama shimoni, ukisubiri taa iliyopasuka au cheche ya grinda. Kwenye viwanja vya chini, masika yanalijaza maji. Rampu mbili za chuma na stendi nne zinafanya kazi hiyo hiyo.

Tofali za saruji

Tanga ina bahati moja kubwa: saruji inatengenezwa hapa hapa Pongwe, chokaa na mawe yapo, na waashi ni wengi. Tofali la nchi 6, lenye urefu wa sm 45 na kimo cha sm 23, linakwenda tofali tisa kwa mita ya mraba. Ukitoa mlango wa gari wa mita 3 kwa 2.4, mlango wa miguu na madirisha mawili, kuta zetu zinabaki na mita za mraba 48 hivi, yaani tofali 430. Ongeza kozi (safu) tatu za msingi, tofali 130, kisha za kuvunjika na za kuinulia paa upande mmoja. Panga 620 hadi 650.

Ubora wa tofali hutofautiana kuliko watu wanavyodhani. Muulize anayefyatua mfuko mmoja unampa tofali ngapi. Akikwambia zaidi ya 35 za nchi 6, anakuuzia mchanga. Chukua tofali lenye wiki mbili, likwaruze kwa msumari: likitoa unga mwingi liache. Liachie lianguke kutoka kimo cha goti kwenye udongo mgumu. Likipasuka vipande vitatu, na mzigo mzima uko hivyo. Uliza pia walimwagilia siku ngapi. Siku saba ndizo za chini, na kwa jua la Januari tofali lisilofunikwa linakauka kabla halijakomaa.

Mchanga wa ufukweni usiingie kwenye kazi yako, hata kama uko hatua mia kutoka mlangoni na ni wa bure. Chumvi yake inatoka ukutani kama unga mweupe na kubandua rangi. Hilo ni dogo. Baya zaidi ni kwamba inaamsha kutu kwenye nondo. Nondo ikishika kutu inavimba, zege linapasuka kufuata mstari wa nondo, na lenta, yaani boriti ya zege juu ya mlango au dirisha, iliyokuwa nzima miaka michache tu iliyopita inaanza kudondosha vipande. Tumia mchanga wa mto au wa shimo, na upime uchafu wake: jaza theluthi ya chupa mchanga, ongeza maji, tikisa sana, acha saa moja. Tope litakaa juu ya mchanga. Likizidi kama sehemu moja ya kumi na mbili ya kimo cha mchanga, mchanga huo uoshwe au urudishwe.

Sehemu mbili za karakana ya tofali ndizo huharibika. Ya kwanza ni lenta ya mlango wa gari. Fundi aliyezoea lenta za madirisha ya mita 1.2 anaweka nondo zile zile kwenye uwazi wa mita 3, na baada ya siku nne anatoa mbao za chini kwa sababu anazihitaji kwingine. Lenta inalegea katikati kwa sm moja au mbili, na shata, mlango wa bati wa kuviringisha juu, haipandi tena vizuri. Kwa uwazi huo lenta iwe na kimo cha sm 23 angalau, nondo za chini ziwe za mm 16, ikalie ukuta sm 20 kila upande, na mbao zisiguswe kabla ya siku 14; 21 ni bora.

Ya pili ni kuruka ringi bimu, kwa hoja kwamba "ni karakana tu, si ghorofa". Bila bimu ya mzunguko, paa limefungwa kwenye tofali la juu kabisa, na tofali hilo limeshikwa na saruji ya sm moja na nusu. Bimu ya sm 15 kwa 20 kwa mzunguko wa mita 20 inahitaji nondo 8 za mm 12, zile za mita 12, pamoja na ringi 100 za mm 8 ambazo zinatoka kwenye nondo 6. Zege liifunike nondo kwa sm 3, na ukiwa karibu na bahari sm 4. Fundi akiacha nondo zimelala juu ya mbao za chini bila vipande vya zege vya kuziinua, hakuna kifuniko, na chumvi itazifikia mapema. Hilo ni jambo la kuangalia kwa macho yako kabla ndoo ya kwanza ya zege haijapanda.

Ukimaliza vizuri unapata jengo tulivu, lisiloungua kuta, linaloweza kubeba rafu nzito popote, na gumu kwa mwizi. Hasara yake ni muda na uzito. Kwenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, msingi wa kawaida utapasuka nao. Hapo ama uchimbe hadi uupite udongo huo, ama uchague jengo jepesi. Na halihami. Kwenye kiwanja cha kupanga, tofali unamjengea mwenye nyumba. Kibali cha ujenzi kutoka halmashauri kinahitajika, tena ni rahisi kukitafuta kabla ya msingi kuliko baada ya paa.

Fremu ya chuma na bati

Hili ndilo jengo la haraka. Mchomeleaji mzuri na wasaidizi wawili wanasimamisha fremu ya mita 4 kwa 6 ndani ya wiki, misingi ikiwa tayari. Nguzo sita za bomba la mraba la mm 75 kwa 75, unene mm 3, tatu kila upande kwa umbali wa mita 3; kenchi za mm 50 kwa 50; papi za kushikia bati za mm 40 kwa 40 kila sm 90. Ndani hakuna ukuta unaobeba kitu, kwa hiyo ukitaka kupanua unafungua upande mmoja na kuendelea.

Tatizo lake la kwanza ni wepesi. Upepo wa kilomita 100 kwa saa ukipita juu ya paa la mita za mraba 30 unaweza kulivuta juu kwa nguvu ya zaidi ya tani moja, ilhali mabati ya paa hilo hayafiki kilo 150. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kiliingia nchi kavu Mafia, na hata bila kimbunga kusi ya Tanga, upepo utokao kusini, ina siku zake. Kwa hiyo kila nguzo ikae juu ya zege la sm 60 kila upande na kwenda chini, ambalo ni kama kilo 500. Nguzo sita zinakupa tani 3. Sahani ya chini iwe ya mm 10, boliti nne za mm 16 zilizomwagwa pamoja na zege. Za kutoboa na kupigilia baadaye ni dhaifu zaidi kwa kazi ya kuvutwa juu.

Usizike nguzo kwenye zege. Inaonekana imara, lakini kutu hula pale pale zege linapokutana na hewa, kwa sababu maji yanatuama hapo. Nje utaona rangi imevimba kidogo kama lengelenge. Ukiibonyeza kwa bisibisi inaingia ndani. Sahani ikae juu ya kichwa cha zege kilichoinuka sm 10 hadi 15, na vichwa vya mabomba vyote vizibwe kwa kuchomelewa, maana bomba lililo wazi linakunywa mvua na kuoza kutoka ndani ambako brashi haifiki.

Kila sehemu iliyochomelewa isafishwe kwa brashi ya waya hadi ing'ae, ipakwe redoksaidi (rangi ya kuzuia kutu) mara mbili siku hiyo hiyo, kisha rangi ya mafuta. "Siku hiyo hiyo" si mapambo. Chuma kilichosuguliwa na kulala usiku mmoja karibu na bahari asubuhi kina rangi ya chungwa, na redoksaidi juu yake inashika kutu, haishiki chuma. Kwa viwanja vya ufukweni rangi ya epoksi inastahili gharama yake.

Kwa bati, geji yenye namba ndogo ndiyo nene: 28 ni karibu mm 0.4, 32 ni karibu mm 0.25. Paa liwe 28. Kuta zinaweza kuwa 30. Nenda dukani na maikromita, maana bati jembamba hubandikwa namba ya nene. Lenye mchanganyiko wa aluminiamu na zinki linavumilia chumvi kuliko la zinki tupu, lakini lisiguse saruji mbichi. Na soma karatasi ya dhamana hadi chini. Nyingi haziwahusu walio jirani na bahari.

Mabati yakatwe kwa mkasi wa bati. Grinda inaunguza zinki kwenye ukingo, na vumbi la chuma chake linatua juu ya bati lenyewe. Mvua moja ikipita, paa jipya lina vidoti vya kutu kila mahali. Anza kuezeka kutoka upande ulio mbali na kusi ukielekea inakotokea, ili mdomo wa kila bati usitazame kusi. Skrubu zipigwe juu ya mgongo, zikazwe hadi raba iguse na kulala, basi. Raba iliyominywa ikatoka nje inapasuka kwa jua, na tundu linaanza kuvuja.

Hasara ya pili ni kelele. Bati linapaza sauti ya grinda na nyundo, na majirani wa Ngamiani au Chumbageni, ambako nyumba zimebanana, watakuja kukuuliza. Ya tatu ni joto, na hilo tutalirudia.

Mbao

Seremala anaipenda, nasi hatuna ugomvi nayo kwa kazi zisizo na moto. Mkoa una mbao: paina na saipresi kutoka Shume kule Lushoto, na mtiki wa Longuza, Muheza. Mtiki wenye kiini cheusi unastahimili mchwa, lakini kuujengea karakana ni kutumia mbao ya samani mahali pa kuegemeza jembe. Paina iwe ya dawa. Rangi ya kijani peke yake si ushahidi. Kata ncha ya ubao mmoja uone dawa imeingia kiasi gani, kwani iliyochovywa tu ina kijani cha mm moja na katikati ni nyeupe kabisa. Kila utakapokata, ncha mpya ipakwe dawa tena, kwa sababu mchwa huanzia hapo hapo.

Mbao isiguse ardhi popote. Kozi mbili za tofali, kipande cha nailoni au lami juu yake, ndipo mbao ya chini. Kagua kila mwezi kuzunguka chini: njia ya mchwa ni mstari wa udongo mwembamba kama penseli unaopanda kwenye tofali, na ukiuvunja ukakuta umejengwa tena kesho yake, wamo.

Boriti za mikoko tusizizungumzie kama njia ya kupunguza gharama. Misitu ya mikoko ni hifadhi, kuikata bila kibali ni kosa, na ufuko usio na mikoko unaliwa na maji. Makuti yanapoza vizuri sana, ila paa la makuti na mashine ya kuchomelea ni vitu visivyokaa kiwanja kimoja.

Kontena

Kontena la futi 20 linavutia kwa sababu linakuja tayari, lina kufuli, na Tanga ni mji wa bandari. Kwa stoo ya vifaa hatujui kitu kizuri zaidi. Kwa karakana ya gari, hapana, na sababu ni hesabu tu: ndani lina upana wa mita 2.35. Toa gari la mita 1.7, zimebaki sm 65, yaani sm 32 kila upande. Mlango wa gari haufunguki. Hata kwa seremala, ubao wa futi 12 hauwezi kugeuzwa humo.

Ukilinunua, ingia ndani mchana, mtu afunge milango kutoka nje, subiri macho yazoee giza. Kila tundu la kutu litaonekana kama nyota. Nusa sakafu, mbao zake huwekwa dawa ya wadudu na nyingine zimemwagikiwa mizigo isiyojulikana. Tazama pembe nne za chini, maana uzito wote unapita kwenye nguzo za pembeni. Kuta za mabati yenye mikunjo nazo zinasaidia kulikaza, kwa hiyo ukikata uwazi mpana bila kuchomelea fremu ya bomba kuuzunguka, paa linabonyea na milango inagoma.

Liweke juu ya vichwa vinne vya zege vilivyoinuka sm 20 hadi 30, vilivyosawazishwa kwa mpira wa maji. Likilala chini moja kwa moja, unyevu unaula mgongo wake na huoni. Kabla ya kulipa, pima njia: lori lenye winchi linahitaji kona pana, na nyaya za umeme za mtaani haziinuki.

Umeme humo unahitaji uangalifu wa pekee. Waya uliopitishwa kwenye tundu tupu la bati unasuguliwa na ukingo mkali kila mlango unapobamizwa. Gamba likikatika, kontena zima limekuwa waya. Kila tundu liwe na raba, nyaya zipite kwenye bomba la plastiki, kontena lifungwe ethi, na kuwe na swichi ya kukata umeme unapovuja. Haya yanahusu fremu ya chuma pia. Mashine ya kuchomelea iwe na njia yake peke yake kutoka meni swichi, waya wa mm 6 za mraba na breka ya ampea 32. Soketi za kawaida zina waya wa mm 2.5 ambao utapata moto.

Kuna namna moja ya kontena inayofanya kazi vizuri: mawili ya futi 20 yawekwe sambamba, mita 4 kati yake, paa la bati lipite juu ya yote. Katikati panakuwa karakana yenye kivuli na hewa, pembeni stoo mbili. Mwenye kiwanja kikubwa Mabokweni au Pongwe aifikirie kwa uzito.

Moto na joto

Cheche za grinda zinaweza kuruka mita 10. Ndani ya karakana ya mita 6, hakuna pembe iliyo salama. Vumbi la mbao likipata cheche haliwaki papo hapo. Linafuka taratibu na kuwaka usiku watu wamelala. Kwa hiyo anayechanganya useremala na kuchomelea chini ya paa moja achague tofali au chuma, afagie kabla ya kuwasha mashine, na akae nusu saa baada ya kuzima. Jengo la mbao kwa mchanganyiko huo tunalikataa moja kwa moja.

Joto ni suala la paa zaidi ya ukuta. Bati tupu saa saba mchana linamwaga joto kichwani iwe chini kuna tofali au kontena. Inua paa, acha uwazi wa sm 20 chini yake uliozibwa kwa wavu, na upande mrefu wa jengo utazame kaskazini na kusini. Hapo unapata kaskazi kuanzia Desemba, kusi kuanzia Aprili, na jua la asubuhi na jioni linapiga kuta fupi tu. Matundu mengine yawe chini, karibu na sakafu, kwa ajili ya mvuke wa petroli ambao haupandi juu. Kontena halina lolote kati ya haya mpaka ulikate na kulijengea paa la pili la kivuli, sm 30 au 40 juu ya lake. Ukishajumlisha gharama hizo, urahisi wake wa mwanzo umekwisha.

Nusu tofali, nusu bati

Sasa tunachokipendekeza. Ukuta wa tofali kozi tano, mita 1.2, kisha fremu ya chuma na bati hadi juu. Tofali zinashuka kutoka 620 hadi 330 hivi pamoja na msingi, lenta kubwa haipo, ringi bimu haipo, na sehemu ya chini ya jengo, ambayo ndiyo inagongwa na gari, kurushiwa matope na kupandwa na mchwa, ni saruji. Bati la ukutani linalofika chini huoza sm 30 za mwisho kwanza, kwa sababu matone ya mvua yanaruka kutoka ardhini yakiwa na tope. Hapa bati haliko karibu na ardhi. Mtu aliyeketi kwenye benchi akisaga chuma, mashine iko nyuma ya tofali, na sauti inayowafikia majirani inapungua, ingawa si kama ukuta mzima.

Nguzo zisimame upande wa ndani wa ukuta, kila moja juu ya kichwa chake cha zege, si juu ya tofali. Kila baada ya kozi mbili chomelea kipande cha nondo ya mm 8, urefu sm 40, kwenye nguzo na kukilaza ndani ya saruji ya kozi. Bila vishikio hivyo ukuta mfupi unasimama peke yake, na siku gari litakapourudia nyuma utalala. Papi za ukutani zitokeze hadi bati lipite nje ya uso wa tofali na kushuka sm 7 chini ya kozi ya juu. Wakiliweka juu ya ukuta, maji yanayoteremka na bati yataingia ndani kila mvua. Kati ya bati na saruji pita na utepe wa lami.

Anayepaswa kuiacha njia hii ni yule mwenye mashine za thamani na kiwanja kisicho na uzio. Bati linafunguliwa kwa bisibisi. Jenga tofali hadi juu. Na aliye kwenye kiwanja cha kupanga ajenge fremu ya boliti badala ya kuchomelea viungo vikubwa, bati hadi chini, akijua sm 30 za mwisho atazibadilisha.

Anza msingi Juni masika yakishaisha, paa liwe juu kabla ya mvua za vuli Oktoba. Usifunge rafu wala kuleta mashine mara moja. Subiri mvua ya kwanza kubwa ya upepo, ingia na tochi, zima taa, tembeza mwanga kwenye kila kiungo cha bati na kando ya kozi ya juu, na uweke alama ya chaki kila unapoona maji.